Dirisha la Nne

Mimi ni karani wa dirisha la nne,
mahakama ya madai madogo, Toledo, Ohio.
Kazi yangu muhuri. Nagonga tarehe
juu ya hasira za watu,
kisha nasema: Anayefuata.

Januari, theluji bado imeng'ang'ania viatu vyake,
akaja Odessa Pruitt, mfua mashuka wa hospitali,
zamu ya usiku.
Gari la marehemu mumewe lilivutwa
kwenye maegesho ya nyumba anayolipia kodi.
Dakika kumi na moja.
Alipandisha viazi na unga ghorofani,
akashuka kufuata maziwa,
akakuta michirizi ya minyororo kwenye barafu.
Maziwa nayo yalikwenda.

Kibandiko kilikuwepo kiooni.
"Kimepinda," walimwambia yadini.
Kupinda: dola mia tatu na arobaini.
Kila usiku gari linapolala: hamsini.
Kadi hatutaki, hundi hatutaki, leta taslimu,
pitisha kwenye tundu hili la chuma
linalotosha mkono, halitoshi uso.
Mbwa mwenye jicho moja
alimtazama akihesabu.

Polisi: hili si jinai, mama, hili ni dai.
Jiji: sheria ni ya jimbo.
Jimbo: lalamiko lako limepokelewa.
Mwenye nyumba: mkataba ameusaini wakala.
Wakala ni sauti ya mashine
na filimbi, dakika arobaini za filimbi,
naye kaegemea mashine ya kufulia,
simu begani, mashuka ya wagonjwa
yakizunguka.

Nikagonga muhuri. Wito ukatoka.
Wito ukarudi: kampuni haipo.
Maumee Towing ilifariki Desemba,
bila tanga, bila arubaini,
na kesho yake akazaliwa Swan Creek Towing,
malori yaleyale, jina la zamani
likichungulia chini ya rangi mpya,
simu ileile,
mbwa yuleyule.

Kesi ya nyani kumpelekea ngedere, utasema.
Hapana. Hakimu Lindqvist si ngedere.
Anakohoa, anasoma kila karatasi, mbele na nyuma.
Alimpa Odessa ushindi wote:
dola mia tisa na kumi na mbili,
hukumu safi, nakala tatu.
Tatizo nyani hakuja.
Aliyeshindwa ni maiti,
na maiti hana mfuko.

Akarudi dirishani.
"Sasa nani ananilipa?"

Karani haruhusiwi kutoa ushauri.
Limeandikwa hapa, juu ya kichwa changu, herufi nyekundu.
Nina miaka ishirini na miwili chini ya bango hilo,
imebaki mitatu nipate pensheni.
Na nina daftari.
Sikumbuki nililianza lini; labda usiku ule
mzee mmoja alipolia hapa kwa ajili ya gari la maua.
Majina saba ya kampuni, vyeti saba vya kuzaliwa,
sita vya kufa,
na chini ya vyote sahihi moja:
G yenye mkia uliojikunja
kama ndoano ya lori.

Nilichana ukurasa.
Nikauacha kaunta, nikaenda kunywa maji.
Sikuwa na kiu.
Niliporudi haukuwepo, wala yeye.

Nilidhani yameishia hapo.
Mambo mengi huishia hapo.

Jana asubuhi kaja kijana, Nadim Haddad,
mpeleka pizza, gari lake limevutwa
akiwa ndani ya jengo, pizza mkononi.
Akasukuma fomu, na chini ya fomu
karatasi iliyonakiliwa kwa kalamu,
imekunjwa, imekunjuliwa, ina doa la sabuni.
Majina saba, kwa mpangilio wangu.
Na la nane, kwa wino wa kijani,
jina ambalo mimi sikuwa nalo.

"Umepata wapi hii?"
"Kwa mama mmoja, pale yadini.
Husimama getini kila Jumamosi."

Nikagonga muhuri,
kwa nguvu kidogo kuliko inavyotakiwa,
kidau cha wino kikaruka.
Anayefuata, nikasema.